Namna ya Kusoma Rangi za Paisa ya Shaba ya Zanzibar

Ndugu watazamaji, sarafu iliyo mbele yenu ni paisa ya shaba ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria, yaani takriban 1882, yenye picha ya mizani upande mmoja. Tafadhali msiisugue wala msiitie limau, kwani asidi huula utando wake na kuiacha shaba na wekundu uliopauka, na utando uliojijenga kwa miaka zaidi ya mia moja haurudishiki.

Ishikeni kwa ukingo, washeni taa moja ubavuni, kisha iinamisheni polepole. Shaba mpya ni nyekundu, na hewa huigeuza kahawia. Lakini palipo na salfa, hata ile itokayo katika karatasi ilimofungwa, hujengeka utando mwembamba ambao rangi yake hutegemea unene wake. Ndiyo maana rangi za kweli hufuatana kwa utaratibu. Tazameni hapa pembeni: kahawia inaingia katika wekundu, wekundu unakolea kuwa zambarau, na buluu inatokea ukingoni kabisa, kama mwezi mwandamo. Hapo ndipo karatasi iligusa.

Sasa chukueni lenzi ya kukuza mara 10, mchunguze kamba za mizani na maandishi ya Kiarabu. Sehemu zilizoinuka, ambazo vidole vilizipapasa sokoni, huwa zimefifia, ilhali vipembe vilivyo kando ya herufi huweza kuhifadhi wekundu wa awali. Mkiona buluu kali iliyoenea sawasawa juu ya sarafu iliyochakaa, ikiingia hata ndani ya mikwaruzo mipya na kutuama kando ya herufi kama wino uliokauka, basi imepakwa dawa au imechomwa moto. Mimi siinunui, hata ikipendeza namna gani.

Rangi ya kijani inataka uangalifu zaidi, hasa kwa sarafu zilizokaa pwani. Kijani kigumu chenye uso laini, kilichoshikamana na shaba, kwa kawaida hakina madhara. Kijani hafifu cha unga ni jambo jingine: chumvi imeingia, na pamoja na unyevu inaendelea kuila shaba. Kiguseni kwa njiti ya mbao. Kikimomonyoka, itengeni sarafu hiyo katika kopo kavu lenye vifuko vya kunyonya unyevu, mbali na nyingine, kisha mwichunguze tena baada ya siku chache kuona kama unga umerudi.