Neno la siri liko kwa mwenye steshenari

Mhadhara kwa walimu wa shule za sekondari, Morogoro

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Nimeambiwa wapo waliotoka Malinyi tangu jana. Poleni sana na safari.

Naanza na binti mmoja niliyemfundisha. Alifaulu vizuri kidato cha sita, akaenda steshenari mjini kuomba mkopo wa chuo. Kijana wa pale akamfungulia barua pepe, akamjazia fomu, akamwekea neno la siri, akapokea hela yake, wakaagana. Wiki kadhaa baadaye Bodi ya Mikopo ikafungua dirisha la kurekebisha maombi. Binti akaipitia nakala yake nyumbani, akaona cheti cha kifo cha baba yake hakimo. Kukipandisha ni kazi ya dakika tano, lakini neno la siri hakuwa nalo. Barua pepe yenyewe ilisajiliwa kwa namba ya simu ya yule kijana, naye alishahama mji.

Alinipigia akilia. Huyu alikuwa na A ya historia, na mwalimu wake nilikuwa mimi. Katika miaka yote ile, hakuna hata mmoja kati yetu walimu aliyemwambia kwamba neno la siri ni la kwake peke yake, na kwamba barua pepe isajiliwe kwa namba ya mtu wa nyumbani kwao. Tulimpeleka hadi mlango wa chuo kikuu, funguo tukamwachia mtu wa steshenari.

Tukisikia elimu ya kidijitali, mawazo yetu hukimbilia chumba cha kompyuta. Tunasubiri umeme, tunasubiri mfadhili, tunasubiri mwalimu wa somo. Na chumba kikipatikana, mtoto anachora kibodi na kipanya kwenye daftari, anataja sehemu za kompyuta, anapewa alama. Sizipingi kompyuta, naziomba kila mwaka. Lakini mtoto huyohuyo akifika likizo anashika simu ya mama yake, na huko hakuna atakayemuuliza kipanya ni nini.

Atakachokutana nacho huko mnakijua. "Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina shida." Ujumbe huu nauandika ubaoni, kidato cha pili, kwa chaki. Sihitaji bando wala projekta. Nawauliza: Nani anaongea? Hela gani? Kwa nini hakutaja jina lako? Wanacheka kwanza, kisha wanaanza kusimulia. Karibu kila nyumba ina kisa chake. Na ninawaacha wasimulie kwa Kiswahili, kwa sababu tapeli naye anaandika kwa Kiswahili. Tukiking'ang'ania Kiingereza katika somo hili, tutapata sentensi tatu za woga na darasa kimya.

Siku moja nikawauliza: mngefanya nini kabla ya kutuma? Mvulana wa nyuma akasema, "Nampigia mama kwa namba yake ile ya siku zote." Nikasimama pale. Jibu lile lina somo zima ndani yake. Hakusema atausoma ujumbe kwa makini zaidi, wala hakusema atatafuta makosa ya tahajia. Alisema atatoka nje ya ujumbe, akaulize kwingine, kwa njia anayoijua yeye.

Sasa nataka mlisikilize hili vizuri. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walitoa utafiti wa watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hichohicho, na wahakiki wa habari 10, yaani watu ambao kazi yao ni kuchunguza kama habari ni za kweli. Waliwapa tovuti mbili za madaktari wa watoto, waseme ipi ni ya kuaminika zaidi. Moja ni ya chama kikubwa kilichoanza mwaka 1930. Nyingine ni ya kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002, chenye ukurasa nadhifu na jina linalofanana na la chama kile. Wanafunzi wengi wakakiamini kikundi kidogo. Wanahistoria wengi wakayumba. Wahakiki wote 10 wakapatia, na haraka. Kwa nini? Wenzao walibaki ndani ya ukurasa, wakapima nembo, mpangilio, marejeo. Wahakiki waliufungua ukurasa, wakautoka mara moja, wakafungua kurasa nyingine kutafuta watu wengine wanasema nini kuhusu waandishi wale.

Mimi ni mwalimu wa historia, na matokeo yale yaliniuma. Maana sisi ndio tuliofundishwa kusoma kwa makini. Na yule mvulana wangu wa nyuma, asiye na simu, alifanya walichofanya wahakiki.

Kwa hiyo likija tangazo la PDF lenye nembo ya Baraza la Mitihani, eti kituo fulani kimefutiwa matokeo, mtoto asiumalize muda wake kuikagua nembo. Nembo inanakiliwa. Nimewahi kuinakili ya shule yetu mbele ya darasa, kwa kishikwambi, nikatunga barua ya mkuu wa shule inayotangaza likizo. Shangwe ilisikika hadi ofisini. Kisha nikawauliza tangazo la kweli lingebandikwa wapi, na nani angejua. Wakanyamaza, halafu mmoja akanyanyuka kwenda kusoma ubao wa matangazo.

Akili mnemba nayo ni hivyohivyo. Mwanafunzi aliniletea insha safi ya Vita vya Majimaji aliyoandikiwa nayo, Kiingereza kimenyooka, ikidai Kinjekitile Ngwale aliongoza mapigano hadi mwaka 1907. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Sikumchapa wala kumpa sifuri. Nilimpa kitabu, nikamwambia akakitafute kifo cha Kinjekitile, arudi aniambie nani kamdanganya na alimdanganyaje kwa lugha nzuri namna ile. Aliporudi alikuwa na hasira kweli, na hasira ile niliipenda.

Yapo mengine nitayapitia upesi: kuripoti namba ya tapeli kwenda 15040, kupiga *106# ili mzazi aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kutosambaza picha za wenzao. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na watoto wanapaswa kujua ipo.

Najua simu haziruhusiwi shuleni, na sikuja kuomba ziruhusiwe. Naomba kitu kidogo zaidi. Wengi wetu tunavyo vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022. Kabla kidato cha nne hawajaondoka Novemba, kila mtoto akae na kishikwambi kimoja robo saa, afungue barua pepe yake, kwa namba ya mzazi, na neno la siri alitunge mwenyewe huku mwalimu akigeukia dirishani. Watakapoingia kwenye mfumo wa serikali kubadili tahasusi, waingie wenyewe.

Vitoeni basi vishikwambi vyenu. Kwenye karatasi mlizopewa kuna tangazo la ajira za ualimu nililolipokea juzi. Sitawaambia ni la kweli au la uongo. Mna dakika kumi, na atakayelisoma mara mbili kabla ya kutoka kwenda kuuliza kwingine, nitamwona.