Jinsi ya Kuwafundisha Watoto Sayari kwa Njegere, Ndimu na Hatua 300 za Ufukweni

Habari zenu wazazi, walezi na walimu wenzangu. Karibuni uani kwangu hapa Temeke. Leo tunafundisha sayari, na ninaowalenga ni watoto wa miaka 4 hadi 8.

Nimefundisha darasa la awali kwa miaka mingi, na jambo moja huniuma kila mwaka. Mtoto anaimba majina manane bila kukosea hata moja, halafu ukimuuliza Mshtarii iko wapi, anakuonyesha ukutani. Picha ile ya ukutani imezibananisha sayari kama abiria wa daladala ya asubuhi. Mtoto hawezi kujua kwamba huko juu sehemu kubwa ni nafasi tupu, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha hiyo nafasi. Kwa hiyo leo tunaanza na mikono, tunakwenda na miguu, na majina tutayafikia baadaye.

Sogeza macho kwenye sinia hili. Vitu vyote nimevinunua genge la hapo mtaani. Kuna punje ya mtama, hiyo ni Utaridi. Kuna njegere mbichi mbili, moja Zuhura na moja Dunia, maana ukubwa wao unakaribiana sana. Choroko ni Mirihi. Chungwa kubwa kuliko yote niliyoyakuta ni Mshtarii, na hili dogo kidogo ni Zohali. Ndimu mbili hizi ni Uranusi na Neptuni. Njegere yangu nimeipima kwa rula, ina milimita 8, na ukiichukua hiyo kuwa Dunia, chungwa la Mshtarii linatakiwa kuwa na upana wa sentimita 9. Lako likiwa na 8 usihangaike kurudi gengeni.

Kabla hujaendelea, hesabu njegere zako. Nasema kwa msisitizo kwa sababu watoto wa miaka 4 huziingiza puani na masikioni. Ukimaliza, zihesabu tena.

Sasa jua. Jua halimo kwenye sinia, haliingii. Chukua kamba ya sentimita 44, mtoto mmoja ashike ncha moja katikati, wewe zunguka na chaki sakafuni. Duara hilo lenye upana wa sentimita 87 au 88 ndilo jua. Waambie watoto wapange njegere mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, zipite katikati. Zinaingia 109. Wadogo watachoka wakifika 30 na ni sawa, waache wakubwa wamalizie. Kisha wapange njegere mbele ya chungwa la Mshtarii: zinaingia 11. Usiwatajie hizo namba mapema. Mtoto aliyezihesabu mwenyewe atakusimulia wiki nzima.

Zohali anahitaji pete. Kata duara la karatasi ngumu ya boksi, toboa katikati, chomeka chungwa. Waeleze kwamba pete ile si kitu kimoja kigumu kama bangili. Ni vipande vingi mno, zaidi ni barafu, vingine vidogo kama punje na vingine vikubwa kama nyumba, na vyote vinaizunguka Zohali.

Hatua inayofuata inataka nafasi, kwa hiyo tumehamia Coco Beach. Njoo asubuhi, maji yakiwa yametoka, kabla ya umati na moshi wa mihogo. Kama hujui maji yanatoka saa ngapi, waulize wavuvi siku moja kabla. Na kila mtoto awe na kofia.

Hapa machungwa tumeyaacha nyumbani, na sikiliza kwa nini. Tunataka kupima umbali, na kwa umbali wa ufukwe huu, jua lenyewe linakuwa ndimu moja. Weka ndimu mchangani. Mtoto aanze kuhesabu hatua zake za kawaida. Hatua ya 4 anasimama Utaridi. Hatua ya 7, Zuhura. Hatua ya 10, Dunia. Hatua ya 15, Mirihi. Hapo watoto wote wanne wako karibu karibu, wanacheka, wanasukumana.

Sasa mwite anayekuwa Dunia. Mwambie alowanishe kidole, aguse mchanga, kisha apunguze mpaka ibaki punje moja tu nchani mwa kidole. Hiyo ndiyo Dunia yetu, ukiilinganisha na ile ndimu kule nyuma hatua 10. Sogeza kamera... mnaiona? Ni ile inayong'aa kidogo pembeni ya ukucha. Bahari hii yote unayoiona, Zanzibar, mlima Kilimanjaro na bibi zetu wote wako juu ya hiyo punje. Nikifika hapa huwa nanyamaza kidogo. Watoto nao hunyamaza, hata wale watundu.

Kisha endelea kutembea, na hapa ndipo somo lilipo. Mshtarii yuko hatua ya 52. Kutoka 15 hadi 52 watoto wanatembea, wanatembea, na hawakuti kitu. Jumamosi moja binti wa miaka 6 alisimama kwenye hatua ya 30 akaniuliza, "Mwalimu, mbona hapa hamna mtu?" Nilifurahi sana, kwa sababu swali hilo wanaastronomia pia waliwahi kuliuliza, na walipochunguza kwa darubini walikuta mawe ya angani, asteroidi, yametawanyika katika nafasi hiyo. Kile kimondo cha Mbozi, pande la chuma la urefu wa mita kama 3 lililoko mkoani Songwe, nacho kilitoka angani. Kama mtoto ana ndugu wa huko, mtajie, atashika haraka.

Zohali ni hatua ya 95. Uranusi ni 192. Neptuni ni 300. Mpe Neptuni mtu mzima wa kufuatana naye, usimwache mtoto peke yake kule. Na mpe kanga apeperushe, maana ukimwita hasikii, mawimbi yanameza sauti. Ukisimama kwenye ndimu ukaiona kanga ile ikipepea kwa mbali, waambie walio karibu nawe kwamba mwanga wa jua unafika kwenye punje ya Dunia kwa dakika 8 hivi, lakini kuifikia kanga ile unachukua zaidi ya saa 4. Kwa wakubwa ongeza hesabu: kila hatua moja waliyopiga ni kama kilomita milioni 15.

Tunarudi uani. Hapa tunafundisha kuzunguka. Weka ndoo katikati, iwe jua, na uchukue watoto wanne tu, wa sayari za karibu. Wote wazunguke upande mmoja. Dunia akimaliza mzunguko mmoja, huo ni mwaka, amepata siku ya kuzaliwa. Utaridi anatakiwa awe amezunguka mara 4 kwa muda huo, maana mwaka wake ni siku 88, kwa hiyo mpe mtoto mwenye mbio. Mirihi apite nusu ya duara, azidishe kidogo. Mtoto wa miaka 6 mwambie kwamba kwa miaka ya Utaridi amekwisha sherehekea mara 24, ila kwa Mshtarii hajafikisha hata mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka wa huko ni karibu miaka 12 ya kwetu.

Usijaribu kuwafanya wajizungushe na kuzunguka ndoo kwa wakati mmoja. Wanaanguka. Mchana na usiku fundisha peke yake, chumbani, kwa tochi na chungwa lenye alama ya kalamu.

Sifa za sayari moja moja chagua mbili tu. Mimi huchagua Mirihi na Zuhura. Kwa Mirihi nawapeleka kwenye bati kuukuu la banda, wapitishe kidole. Kidole kinatoka chekundu. Hiyo kutu, tunayoijua vizuri sisi tunaokaa karibu na bahari, ni chuma kilichochanganyika na oksijeni, na vumbi la Mirihi ni jekundu kwa sababu hiyo hiyo. Kwa Zuhura nawauliza: gari likiegeshwa juani saa saba mchana, madirisha yamefungwa, ndani kukoje? Wote wanajua. Hewa nzito ya kaboni dioksidi imeifunika Zuhura, joto linaingia na kutoka ni shida, ndiyo maana inafika kama nyuzi 460 na kuipita Utaridi iliyo karibu zaidi na jua.

Sasa majina. Nimetunga sentensi ya kukariri, ichukueni: "Ukienda Zanzibar, Dada, Mletee Mama Zawadi: Ubuyu, Nazi." Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. M ziko mbili, na Mama ndiye mkubwa, kwa hiyo Mama ni Mshtarii.

Mtoto anaweza kurudi na daftari limeandikwa Zebaki mahali pa Utaridi, au Sarateni mahali pa Zohali. Tafadhali usimwambie mwalimu wake amekosea. Vitabu vyetu vimetofautiana. Mwandikie majina yote mawili, aendelee. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina ya zamani yaliyotufikia kwa Kiarabu, kwa kuwa sayari hizo tano watu walikuwa wakiziona kwa macho tangu kale. Uranusi ilitambuliwa kwa darubini mwaka 1781 na Neptuni mwaka 1846, ndiyo maana majina yao ni ya kigeni kabisa.

Na babu akiuliza Pluto amekwenda wapi, mjibu kwa heshima kwamba bado yupo palepale, ila tangu 2006 wanaastronomia wanamhesabu kuwa sayari kibete.

Kilichobaki ni kuziona zenyewe. Jua likishazama, kwenye saa moja hivi, simama na mtoto mahali penye giza, mtazame magharibi. Umeme ukikatika mtaani, usiku huo ni wako, mtoe nje haraka. Kinachometameta ni nyota. Kinachotulia, hasa kama kina mwanga mweupe mkali kuliko vyote vya upande ule, huenda ni Zuhura. Kuna miezi haionekani jioni, inatoka mashariki alfajiri, na kuna wiki inafichwa na mwanga wa jua, kwa hiyo usikate tamaa kwa siku moja. Jua lenyewe asilitazame kamwe, hata linapozama.

Mara ya mwisho nilipowatoa nje, yule binti wa hatua ya 30 ndiye aliyeiona wa kwanza. Akanivuta kanga, akanong'ona, "Mwalimu, njegere yetu ile pale."