Mila si desturi, na desturi si mazoea

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine nyote, hamjambo.

Naomba nianze na sentensi moja. Hivi karibuni nilikuwa nahariri makala ya mwandishi kijana, nikakuta ameandika: "Tuna utamaduni wa kuchelewa mikutanoni." Kisarufi haina kosa, lakini kalamu yangu iligoma kusonga mbele. Nikafuta "utamaduni", nikaweka "desturi". Bado. Nikajaribu "kaida", nikajaribu "tabia". Mwisho nikaandika "mazoea", na sentensi ikatulia. Leo nataka kueleza kwa nini ilitulia hapo.

Ukitafuta mila kwenye kamusi, mara nyingi unaelekezwa kwenye desturi. Ukienda kwenye desturi, unarudishwa kwenye mila, ukipitishwa kwa ada na kawaida njiani. Mwanafunzi anafunga kitabu akiamini haya yote ni neno moja lenye mavazi mengi. Mimi naona ni jamaa wa ukoo mmoja, na kila mmoja ana nyumba yake.

Nina kipimo ninachokitumia. Uvunje mwenendo wenyewe, kisha tazama ni nani atakayekasirika. Mimi nimezoea kulala upande wa ukutani. Nikihamishiwa upande wa pili, anayekosa usingizi ni mimi peke yangu; hayo ni mazoea. Mgeni anayefika mlangoni hupiga hodi, akangoja aambiwe karibu. Akiingia moja kwa moja hatashtakiwa popote, ila wenye nyumba watatazamana, na akishaondoka atasemwa. Hiyo ni desturi. Lakini mila ikivunjwa, wazee huitana. Kikao kinakaa, pengine faini inatozwa, na wapo wanaoamini kwamba hata waliolala makaburini wameudhika.

Uzito huo wa mila una chimbuko. Neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, *milla*, ambako ni dini, au umma wa watu wa imani moja. Kiswahili kiliiacha ile dini, lakini hisia ya jambo lisilochezewa ikabaki. Ndiyo maana hata sheria ikitaka kutambua haki iliyotoka kwa wahenga hushika neno hili. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwanakijiji hupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Sasa jaribu kutamka "hakimiliki ya kimazoea" uone inavyoporomoka mdomoni.

Na hapa ndipo jambo hili linaponigusa, kwa sababu neno lenye uzito huazimwa na wasio na haki nalo. Niliwahi kuhudhuria kikao cha ukoo ambapo binti alinyimwa fungu lake la urithi, akaambiwa ni mila. Nikauliza kwa adabu zote: mila hii ilianzia kwa nani? Mzee mmoja akanyamaza kidogo, akajibu, "Sisi tumezoea hivyo." Alisema tumezoea. Ulimi wake ulijua neno sahihi, na katika kikao kile hakuna aliyelisikia isipokuwa mimi na yule binti.

Turudi kwa jamaa wengine. Ada ni neno linalonivutia sana. Kwa Kiarabu *'ada* ni desturi, na Kiswahili cha zamani kiliitumia hivyo hivyo, ndiyo methali yetu, "Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo." Lakini mwulize mzazi yeyote leo ada ni nini, atakutajia shule na mwisho wa kulipa. Maana zote mbili zimeungana. Palikuwa na kitu ambacho desturi ilitaka apewe mganga, fundi au mwalimu kwa kazi yake, na kitu chenyewe kikaitwa ada. Desturi ikageuka malipo.

Kaida na kawaida nazo ni za tumbo moja kabisa. Kwa Kiarabu, *qa'ida* ni msingi au kanuni, na *qawa'id* ni wingi wake. Sisi tumezipokea zote mbili, kila moja tukaipa kazi yake: kaida ikabaki na ile sauti ya kanuni, kawaida ikashuka ikawa jambo la kila siku. Jadi inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya babu, kwa hiyo ngoma ya jadi ni ngoma ya mababu. Tabia ni maumbile, na ndiyo maana tunaweza kusema tabianchi bila kumaanisha kwamba nchi ina adabu au haina.

Utamaduni ndio mwavuli. Mzizi wake wa Kiarabu unagusa *madina*, yaani mji: kuishi kwa mpangilio wa watu wa mjini. Ila matumizi yake ya leo yametoka nje ya mji. Mwaka 1871, Edward Tylor, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alieleza utamaduni kuwa jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, mila na kila kingine ambacho mtu hukipata kwa kuwa mwanajamii. Tamko la UNESCO lililotolewa Mexico City mwaka 1982 likaweka ndani yake namna za kuishi na haki za msingi za binadamu. Kwa maana hiyo, hakuna mtu asiye na utamaduni. Ndiyo maana sipendi kuona ustaarabu ukitumiwa kama kisawe chake. Neno hilo lilianza kwa maana ya kufuata mwenendo wa Waarabu. Leo mstaarabu ni mtu mwenye adabu tu, na sina ugomvi na maana hiyo. Lakini bado linapanga watu kwa ngazi, huyu kastaarabika na yule bado. Utamaduni haupangi watu.

Sasa mnaona kwa nini kalamu iligoma. Anayesema "utamaduni wa kuchelewa" anaupa uzembe wa watu wachache heshima ya urithi wa jamii nzima, na urithi ni kitu cha kuenziwa. Mazoea mtu huyaacha.

Nimalizie na salamu niliyoingia nayo. Asili ya shikamoo ni kushika miguu ya mkubwa. Kijana aliyenipokea pale mlangoni alinitamkia, "Shikamoo," macho yakiwa kwenye simu. Hayo yalikuwa mazoea. Mdomo ulijiendea wenyewe. Nikaitika, "Marahaba," nikasimama. Akainua uso, akaona mvi zangu, akaitia simu mfukoni. Kisha akainama kidogo na kuniamkia upya, "Shikamoo, babu." Ile ya pili ilikuwa desturi.

Asanteni. Sasa nangoja maswali yenu.