Mama kauliza bei ya mwisho, bili ikaja nyingine

Asalam aleikum, habari zenu wote, wa Tanga, wa Dar, wa Mombasa, na nyie mlioko huku huku Texas. Leo niko ndani ya gari, samahanini kwa mwanga, nimesubiri mama alale ndo nikatoka kuongea na nyie, maana hii kitu toka jana imenikaa hapa kooni.

Mnajua mama yangu yuko huku, kaja mara ya kwanza, ana wiki ya tatu sasa. Jana nikampeleka mgahawa mmoja wa samaki hapa Houston, jina sitaji, sio wao peke yao wanafanya hivi. Mama kashika menyu, kaangalia, kaniuliza, mwanangu hii ndo bei ya mwisho? Na nyie mnajua sokoni kwetu mtu akiuliza bei ya mwisho anategemea ishuke. Nikamwambia mama huku hawashushi, agiza tu. Kaagiza kambale wa kukaanga dola 19, mimi kamba dola 21, na limonedi mbili dola 4 kila moja. Mama ni mtu wa hesabu, akajumlisha palepale kwa vidole, 48. Akatoa noti ya hamsini kwenye pochi yake, ile niliyompa akiwa anashuka uwanja wa ndege, akasema leo nakulisha mimi. Jamani nilifurahi.

Bili ikaja. Chakula 48, sawa. Chini yake wameandika ada ya huduma asilimia 5, dola 2 na senti 40. Chini yake kodi ya mauzo, hapa Houston ni asilimia 8.25, dola 4 na senti 16. Jumla 54.56. Halafu yule binti aliyetuhudumia akaleta kimashine, kina vitufe vitatu, asilimia 18, 20, 25, chagua tipu, yaani bakshishi ya mhudumu. Nikabonyeza 20, dola 9 na senti 60. Tukafika 64.16. Yaani kutoka 48 mpaka 64, theluthi nzima imeongezeka juu ya bei tuliyoisoma, kwa hela ya nyumbani Tanzania kama shilingi elfu arobaini hivi, na mama bado kashikilia noti yake ya hamsini mkononi ananiangalia.

Kwenye gari akaniuliza swali moja ambalo mimi miaka yote niliyokaa huku sijawahi kujiuliza vizuri. Mama yangu kauza wali samaki Ngamiani, pale Tanga mjini, miaka kumi na tisa, ndo hela iliyonisomesha. Akasema, mimi pale kibandani nilikuwa nanunua mkaa, namlipa binti wa kuosha vyombo, mtu wa halmashauri anakuja kuchukua ushuru wake, na vyote hivyo nilishavipigia hesabu kabla sijaandika bei kwenye ubao kwa chaki, mteja akija namwambia sahani bei fulani basi anakula anaondoka. Sijawahi kumwambia mteja sasa lipia na mkaa. Kwanini hawa watu wenye kompyuta wanashindwa?

Na mimi nataka nimjibu mama kwa ukweli, kwa sababu mimi nimefanya kazi ya uweita, kuhudumia meza mgahawani, huku karibu miaka miwili.

Sikilizeni. Kwa sheria ya Marekani, mfanyakazi anayepokea tipu, mwajiri anaruhusiwa kumlipa dola 2 na senti 13 kwa saa. Hiyo namba haijabadilika toka 1991, mimi nilikuwa sijazaliwa. Kima cha chini cha kawaida ni dola 7 na senti 25, sasa ile tofauti ya dola 5 na senti 12 inatakiwa ijazwe na tipu, yaani na wewe mteja. Sheria inasema tipu zisipofika bosi ajazie. Sawa, ila mie nilipokuwa nafanya kazi sikuwahi kumwona hata mwenzangu mmoja aliyekwenda kudai, unadai leo, kesho ratiba inatoka umepangiwa Jumatatu mchana wakati hakuna wateja. Yapo majimbo ambayo hayana mambo haya, California, Minnesota, Washington, kule mhudumu analipwa kima kizima kwanza halafu tipu juu yake. Ila Texas ni hiyo 2.13.

Na kuna kitu wateja hawakijui. Pale nilipokuwa, mwisho wa shifti nilikuwa natoa asilimia 4 ya mauzo yangu nawagawia wanaosafisha meza na wa baa. Ya mauzo, sio ya tipu. Kwa hiyo meza ikila dola 100 ikaondoka bila kuacha kitu, mimi nimetoa dola 4 mfukoni mwangu kuwahudumia. Kuna siku ilikuja familia ya kwetu kabisa, nikawasikia wanaongea Kiswahili nikafurahi, nikawapokea kwa shikamoo, wamekula vizuri, wamenishukuru sana, dada Mungu akubariki, wakaondoka wakaacha sifuri. Nililia chooni. Na sio wabaya, walisoma bei kwenye menyu wakalipa bei waliyoambiwa pamoja na kodi, nani aliwaambia mshahara wangu uko nje ya ile bei?

Sasa hiyo ada ya huduma ndo inaniudhi zaidi ya yote. Mama aliuliza, hii ya huduma si ndo ya yule binti, sasa unampa tena ya nini? Hapana. Ada ambayo ni lazima, kwa sheria ya hapa sio tipu, ni mapato ya mgahawa, mwenye mgahawa akitaka anagawa, asipotaka anakaa nayo. Mteja anaona neno huduma anadhani mhudumu keshapata, anapunguza tipu, na yule binti anaumia mara mbili. Kama samaki amepanda, pandisha bei ya samaki, andika 20 badala ya 19, nani atakusema?

Wenye migahawa wanasema oh kodi inatofautiana mji na mji, menyu haiwezi kubeba. Nenda sheli yoyote hapa Texas, angalia lile bango kubwa barabarani, bei ya mafuta ile ni ya mwisho, ndani yake imo kodi ya serikali kuu senti 18.4 kwa galoni na ya Texas senti 20, imeandikwa mpaka zile sehemu tisa za kumi za senti mwishoni, na wanaibadilisha kila siku! Tiketi za ndege hivyo hivyo, toka 2012 mashirika yanatakiwa kutangaza nauli ikiwa na kodi zote ndani. Kwa hiyo inawezekana.

Ila nitawaambia na upande wa pili kwa haki. Kuna bwana mmoja maarufu New York anaitwa Danny Meyer, ana migahawa mikubwa, 2015 alisema basi, tipu hakuna, nitapandisha bei kila kitu kiwe ndani. Mwaka 2020 akarudisha tipu. Ukiwa peke yako unaandika bei kamili, mteja anakuona wewe ghali kuliko jirani, kumbe jirani kaficha theluthi chini ya meza, na weita wazuri wanakukimbia wanaenda kwenye tipu. Ndo maana mie nasema lazima iwe sheria, wote siku moja. Ufaransa waliweza, toka miaka ya themanini bei ya menyu ina kodi na huduma ndani, ukitaka kumwachia mtu sarafu ni hiari yako. California walikaribia, sheria ya kukataza ada za kujificha ilianza Julai 2024, lakini siku chache kabla migahawa ikachomolewa, ikaambiwa andikeni tu wazi. Minnesota toka Januari 2025 wamebana zaidi, ada ya lazima iwe ndani ya bei inayotangazwa. Kidogo kidogo.

Na nyie wa nyumbani msidhani hili ni la huku tu. Zipo hoteli kubwa Dar na Nairobi siku hizi, chini kabisa kwa maandishi madogo kama sisimizi, "bei hazijajumuisha VAT na sevisi chaji". Hiyo VAT Bongo ni asilimia 18, Kenya 16 na tozo ya utalii 2 juu yake. Mkiikuta mkatae mapema, muulizeni meneja hapo hapo kabla ya kuagiza, sio baada ya kula, msiache izoeleke, huku ilizoeleka ndo mimi nimetoka jana na mama ananiomba radhi eti hela yake haikutosha. Mama aniombe radhi mimi!

Kwa wewe unayekuja Texas, mpaka hiyo sheria ije, ukiona 19 kwenye menyu weka 25 kichwani, na tafadhali mwachie yule dada tipu yake, ugomvi wetu sio na yeye.

Mama anarudi Tanga tarehe 14. Kasema kabla hajaondoka anataka tena yule kambale, palepale, na alipe yeye. Asubuhi nimemkuta mezani na kalamu na nyuma ya ile risiti, keshapiga hesabu yote mpaka ya binti, ameandika chini 64 na senti 16, ameizungushia duara.