Watoto Wanne, Chupa Moja

Shikamooni wazazi wangu, na wengine habari za jioni. Asanteni kwa kufika, maana najua foleni ya Mandela ilivyo saa hizi.

Fikirieni watoto wanne wa miaka 14, wote wameonja bia kwenye sendofu moja. Wa kwanza alitaka kujua ladha yake. Ndiye yule anayening'inia mlangoni mwa daladala. Wa pili hakuwaza lolote: glasi ilikuwa mezani, mkono ukaenda. Wa tatu, moyo ukimdunda mbele za watu, huyaogopa yale mapigo yenyewe, akadhani anakufa. Bia ikamtuliza. Wa nne ameshajikatia tamaa, alikunywa asahau.

Makundi haya manne ya hulka sikuyatunga. Mwanasaikolojia Patricia Conrod wa Chuo Kikuu cha Montreal na wenzake waliyaandalia dodoso, kisha vikao viwili vya dakika 90 kwa kila kundi. London, wanafunzi waliovipata walipunguza unywaji. Na humo pombe haihubiriwi sana. Mtoto anafundishwa namna ya kuishi na hulka yake.

Sisi tunamkagua mtundu, mfuko kwa mfuko. "Wangu mpole, hana shida." Kila nikiisikia kauli hiyo namkumbuka yule wa nne, maana naye ni mpole.

Mwaka 1997 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa walioanza kunywa wakiwa na miaka 14 au chini, zaidi ya asilimia 40 walikuja kuwa na utegemezi wa pombe; walioanza wakiwa na 20 au zaidi, kama asilimia 10. Msikimbilie kusema bia ya kwanza ndiyo iliyowaharibu. Huenda hulka iliyomharakisha mtoto kuanza ndiyo hiyo hiyo inayomzuia kuacha.

Viroba, ile pombe kali ya pakiti ndogo, vilipopigwa marufuku hapa Tanzania Machi 2017 nilishangilia, kwa sababu pakiti ile iliingia hata kwenye soksi ya sare. Lakini naona marufuku humsaidia zaidi wa pili, anayechukua kilicho karibu. Wa nne atakitafuta kilipo, hata kama ni gongo ya uchochoroni.

Mimi huyo ningemuuliza: mwanangu, ulipokunywa ulijisikiaje? Halafu ninyamaze, hata mkono ukiniwasha kufuata mkanda.