Iogopeni Asubuhi Yenye Joto

Shikamooni wazee. Kina mama, vijana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze na wale mliofika hapa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, mwaka huu kuhusu majira ya baridi, na najua mnangoja nianze na makoti. Makoti yatakuja. Kwanza nataka mshike jambo moja, hata kama mengine yote yatadondoka njiani: dhoruba za theluji zilizoua watu wengi katika nchi hii, mara nyingi zilikuja siku ambayo asubuhi yake ilikuwa nzuri.

Kwetu tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, kwetu. Wengi humu tumekulia Uvira, Bujumbura, Kigoma, au kambini Nyarugusu, ambako tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti kati ya Januari na Julai. Mtu akitaka baridi anapanda mlimani. Hapa baridi yenyewe ndiyo inayosafiri, inakufuata mpaka mlangoni kwako, na kabla haijafika hutanguliza joto.

Mambo huenda hivi. Eneo kubwa la mgandamizo mdogo wa hewa linapojijenga katikati ya bara, hewa huzunguka kulielekea. Upande wa mbele, upepo unavuma kutoka kusini na kuleta hewa ya vuguvugu yenye unyevu. Upande wa nyuma, hewa ya Aktiki inateremka kutoka Kanada. Zinapokutana, hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hupita chini na kuisukuma ile ya joto juu. Mstari huo wa makutano ukikupitia, upepo unageuka na nyuzi joto zinaporomoka ndani ya saa chache. Kwa hiyo ule uvuguvugu wa asubuhi ni sehemu ya dhoruba yenyewe. Ndio kichwa chake.

Tarehe 12 Januari 1888, kwenye nyika za Dakota na Nebraska, siku ilianza kwa joto la kushangaza baada ya wiki za baridi kali. Watoto walikwenda shule bila makoti mazito na wakulima wakatoa ng'ombe nje. Dhoruba ikaingia siku hiyohiyo, sehemu nyingine watoto wakiwa bado darasani. Theluji ilikuwa laini kama unga, ikipeperushwa kwa nguvu hivi kwamba mtu hakuweza kufumbua macho wala kuvuta pumzi vizuri. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 235, wengi wao watoto waliokuwa wakirudi nyumbani. Yuko mwalimu mmoja kijana, Minnie Freeman, ambaye upepo uling'oa paa la shule yake huko Nebraska, akawaongoza wanafunzi wake mpaka kwenye nyumba ya jirani, wakapona wote. Walimu mlio humu, mnaelewa mzigo ule.

Halafu 11 Novemba 1940, sikukuu, huko Minnesota na majimbo ya jirani. Wawindaji wa bata walikwenda kwenye visiwa vya Mto Mississippi wamevaa nguo nyepesi. Bata wakaja makundi kwa makundi, wengi kuliko kawaida, na wawindaji wakafurahi. Hawakujiuliza bata wanakimbia nini. Jioni mawimbi yalikuwa yamepindua mitumbwi, na usiku ule watu waliganda visiwani wakiwa wamelowa. Kwa jumla, pamoja na mabaharia waliozama Ziwa Michigan, walikufa zaidi ya watu 140. Kesho yake rubani mmoja wa Winona, Max Conrad, aliruka na ndege ndogo katika upepo uleule, akawatafuta waliobaki hai na kuwadondoshea chakula na viberiti. Kwa maoni yangu huyo anastahili sanamu kuliko majenerali wengi wenye sanamu.

Mtasema: enzi hizo hawakuwa na setilaiti. Sawa. Basi tuje hapa hapa, 23 Desemba 2022. Baadhi yenu mlikuwepo. Naona Mama pale nyuma anatikisa kichwa. Utabiri wa dhoruba ile ulikuwa sahihi siku kadhaa kabla. Ofisi ya hali ya hewa ya hapa iliandika kwamba ni tukio la mara moja katika kizazi. Lakini alfajiri ya Ijumaa ile kulikuwa na mvua tu, nyuzi chache juu ya sifuri, na barabara zinapitika. Katazo la kuendesha magari lilianza saa tatu na nusu asubuhi, wakati wengi wameshafika kazini au wako njiani. Muda mfupi baadaye mvua ikageuka theluji, maji ya barabarani yakawa barafu, na upepo ukapita kilomita 110 kwa saa. Hali hiyo ya kutoona mbele ilidumu saa 37. Uwanja wa ndege ulipima zaidi ya sentimita 130 za theluji hadi ilipokwisha. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa nayo yalikwama. Katika kaunti hii ya Erie walikufa watu 47: wengine ndani ya magari, wengine barabarani kwa miguu, wengine nyumbani baada ya umeme kukatika, wengine moyo ulisimama wakiondoa theluji kwa beleshi.

Hapo ndipo napingana na wanaosema watu wale walipuuza. Baadhi, ndiyo. Lakini ni nani aliyekuwa barabarani asubuhi ile? Ni anayelipwa kwa saa. Ni anayewahudumia wazee majumbani, ambaye asipofika, mzee hapati dawa. Ni yule ambaye mshahara wake huingia Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi hakuwa na fedha ya kununua chakula cha siku nne. Vitongoji vya mashariki mwa jiji, ambako wengi wetu tunakaa, maduka ya vyakula ni machache na ya mbali. Mtu huyo akichungulia dirishani akaona mvua ya kawaida, atakwenda. Mimi simlaumu. Nataka tu tusiwe tunaangalia dirisha.

Tuangalie nini badala yake? Utabiri wa saa kwa saa kwenye simu. Usisome ile namba moja kubwa ya leo, maana huwa ndiyo joto la juu kabisa la siku, na katika siku kama hizi joto hilo huwa la alfajiri. Soma saa nane mchana itakuwaje, saa kumi na mbili jioni itakuwaje. Ukiona nyuzi 4 asubuhi na -12 jioni, na upepo unageuka kutoka kusini kwenda magharibi, siku hiyo imeisha kabla haijaanza.

Na msiitazame theluji peke yake. Mwaka 1977, tarehe 28 Januari, jiji hili lilipigwa na dhoruba ambayo wazee wa hapa bado wanaisimulia, na theluji mpya iliyoanguka ilikuwa kama sentimita 30 tu. Ziwa Erie lilikuwa limeganda tangu katikati ya Desemba, na theluji ya wiki nyingi imelala juu ya barafu. Upepo uliikomba yote ukaileta mjini. Mwaka 2022 ilikuwa kinyume: ziwa halijaganda, hewa baridi ikapita juu ya maji yenye joto kuliko yenyewe, ikanyonya unyevu na kuutua hapa kama theluji. Ziwa limelala kutoka kusini-magharibi kuelekea kaskazini-mashariki, na sisi tuko kwenye ncha. Upepo ukivuma kwa urefu wake, hakuna cha kuuzuia.

Upepo pia ndio unaonyang'anya mwili joto. Nyuzi -12 bila upepo, ukiwa umevaa vizuri, utatembea mpaka kituo cha basi. Nyuzi hizohizo na upepo wa kilomita 56 kwa saa, ngozi inapata baridi ya -25. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili ndiyo inayotangulia kuharibika: mtu anaanza kuongea ovyo, anataka kukaa apumzike, wengine hata huvua koti wakidhani wanaona joto. Ukimwona mwenzako hivyo usibishane naye. Mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, mfunike.

Gari likikwama, kaeni ndani yake. Katika weupe ule watu hupotea hatua chache kutoka mlangoni. Lakini bomba la moshi likifunikwa na theluji, hewa ya sumu inarudi ndani, haina rangi wala harufu. Kwa hiyo zima injini kwanza, lifukue, washa kidogo, zima tena. Na hili nalisema kwa sauti kwa sababu nimeliona kwa watu wetu: umeme ukikatika, jiko la mkaa lisiingie ndani. Hata kidogo, hata dirisha likiwa wazi. Nyanda za juu kwetu watu hufa hivyo kila msimu wa baridi, na kule nyumba zina nyufa. Nyumba za hapa zimezibwa.

Makoti sasa. Nguo mbili tatu nyembamba zinashinda moja nene, na ya juu izuie upepo. Vaeni buti, kofia na glavu. Hayo yanatosha, maduka yatawaeleza mengine.

Limebaki suala la lugha. Ujumbe wa dharura uliolia kwenye simu mwaka ule, mfumo wa taifa uliundwa kuubeba kwa Kiingereza na Kihispania. Kwa hiyo nimewaomba vijana watatu wanaosoma Kiingereza vizuri wafungue kundi la WhatsApp. Kazi yao si kutuma video za kutisha. Ni kuandika kwa Kiswahili, jioni ya kuamkia dhoruba, saa ngapi nyuzi zitaanza kushuka na nani ana gari na nafasi ya kumpeleka mwenzake dukani kabla ya saa hiyo. Karatasi ya namba za simu inaanzia kwa Mzee hapa mbele, inazunguka kulia. Ikiendelea kuzunguka, nachukua maswali. Dada mwenye kilemba cha kijani, ulianza kunyoosha mkono tangu kwenye bata.