Angalia Kokoto Kwanza, Pampu Baadaye

Ndugu wakandarasi, mafundi, na ninyi mliokuja na mtaji mkitafuta pa kuuweka, asanteni kwa kufika.

Najua wengi mnaiwazia ile pampu ya zege ya lori yenye mkono mrefu unaojikunjua juu ya jengo. Ni mashine nzuri. Lakini kabla hamjauliza bei, nendeni mkaliangalie zege la watu mnaotaka wawe wateja wenu. Kokoto zake zina ukubwa gani? Linachanganyiwa wapi? Hayo mawili ndiyo yatakayowachagulia pampu.

Tuanze na kokoto. Kwa kokoto za kupasuliwa, kipenyo cha bomba kisipungue mara tatu ya ile kubwa kuliko zote. Kokoto za robo tatu ya inchi, yaani kama milimita 20, zinataka bomba la milimita 60 kwa uchache. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Saiti huletwa mzigo wenye mawe makubwa yaliyoponyoka chekeche, kwa hiyo mimi sishuki chini ya milimita 100. Vipampu vya bomba la milimita 50 vinafaa zege la kokoto ndogo sana, kama la kujazia matundu ya matofali. Ukikipeleka kimoja kwenye slabu ya kawaida, kitaziba, na kuzibua bomba huku zege linashika ndani ni mateso.

Sasa mchanganyo, na hapa naomba tutulie. Bomba la milimita 125 lenye urefu wa mita 100 hujaa kwa takribani mita za ujazo 1.2 za zege. Hiyo ni kama mifuko minane ya saruji, na huko juu fundi hajapata hata koleo moja. Saiti ikiwa na mashine moja ya kuchanganyia mfuko mmoja mmoja, pampu itasimama ikisubiri, na zege limelala bombani juani. Pampu inataka kulishwa bila kukatika. Kama wateja wako wanachanganyia saiti, chukua bomba la milimita 100, ambalo hubeba chini kidogo ya theluthi mbili ya kiasi hicho, na usikubali kazi yenye mashine moja ya kuchanganyia. Kama zege linakuja na malori kutoka kiwandani, 125 ndiyo saizi yako.

Kwa Dar es Salaam, anayeanza namshauri pampu ya kuvutwa, ya trela. Ile ya mkono inahitaji nafasi ya kutanua miguu yake, ardhi ngumu chini ya miguu hiyo, na juu pasiwe na nyaya za umeme. Kariakoo utavipata wapi vyote vitatu? Trela unaliegesha pembeni, bomba unalipandisha ghorofani na kulifunga imara kwenye jengo. Kweli, unahitaji vijana wa kutosha: kipande cha mita 3 cha bomba la 125 kikiwa kimejaa, zege peke yake lina karibu kilo 90.

Msimalize fedha zote kwenye pampu. Tengeni za mabomba, kona, klampu za kuungia mabomba na raba zake, mpira wa mwisho (bomba laini linalomwaga zege), na spea zinazolika haraka kwa sababu ya mchanga. Pampu ya mtumba ikaguliwe silinda zake na vali, na mwenye nayo aisukumishe zege mbele yenu. Maji hayaonyeshi ugonjwa.

Na kompresa ya kusafishia bomba, kama hamna fundi aliyefundishwa kuitumia, msiinunue. Hewa iliyobanwa nyuma ya zege hurusha mpira wa mwisho kwa nguvu ya kuua mtu. Safisheni kwa maji na mpira wa sponji, na kabla ya kufungua klampu yoyote, pampu irudishwe kinyume hadi shinikizo liishe.